Sherehe Kabla ya Mtihani: Historia ya Mahafali ya Sekondari katika Familia za Tanzania

Mahafali, yaani sherehe ya kuwaaga wanafunzi wanaomaliza ngazi fulani ya masomo, yamekuwa jambo la ukoo mzima katika Tanzania ya leo, kiasi kwamba ni vigumu kuamini kuwa katika miaka ya mwanzo ya uhuru wazazi wengi waliosomesha vijana wao sekondari hawakuwahi kuikanyaga shule siku ya kuagwa kwao. Sherehe hiyo ina sifa moja ambayo wenyeji wameizoea mno hata hawaioni tena, nayo ni kwamba hufanyika kabla ya mtihani. Wanafunzi wa kidato cha nne huagwa kwa kawaida kati ya Agosti na Oktoba, ilhali mtihani wao wa taifa huanza Novemba. Wale wa kidato cha sita huagwa katika miezi ya mwanzo wa mwaka, nao mtihani wao siku hizi huanza Mei. Kwa hiyo kijana huvishwa maua, hulishwa keki na kupokea zawadi za shangazi na wajomba zake wakati ambapo hajajibu hata swali moja la karatasi zitakazoamua kama ataendelea na masomo au la.

Wapo wanaouona mpangilio huo kuwa ni kujipongeza mapema. Hata hivyo, anayefuatilia historia ya sherehe hii hukuta kwamba mpangilio huo ulitokana na sababu za kweli, na kwamba familia, zilipopata hatimaye nafasi ya kuingia katika tukio lililokuwa mali ya shule, ziliingia na mazoea ya kale ya kumpokea kijana aliyevuka hatua, mazoea ambayo tangu awali hayakungoja alama za mtu yeyote.

Mazoea hayo ni ya zamani kuliko shule yenyewe. Katika jamii nyingi za pwani na kusini mwa Tanzania, mafunzo ya kumtoa mtoto utotoni, yaani jando kwa wavulana na unyago kwa wasichana, yalihitimishwa kwa sherehe ambayo mlengwa wake alikuwa kijana lakini wenyewe hasa walikuwa ndugu zake. Miongoni mwa Wazaramo, msichana aliyewekwa ndani kwa mafunzo, ambaye huitwa mwali, hutolewa nje kwa ngoma, akabebwa mabegani, akapambwa kwa khanga mpya na kutuzwa, neno ambalo maana yake ni kumpa mtu fedha au zawadi hadharani huku ngoma ikiendelea. Miongoni mwa Wamakonde, vijana wanaorudi kutoka jandoni hupokewa kijijini wakiwa na nguo mpya, na upande wa mama na upande wa baba kila mmoja hujitokeza kwa zawadi zake. Kungwi, yaani mwanamke anayemfunda mwali, hakutoa daraja la kwanza wala la nne. Alitamka tu kwamba mafunzo yamekwisha, na kauli hiyo ilitosha kuwaita jamaa.

Waislamu wa pwani na visiwani walikuwa pia na utaratibu wao wa kumsherehekea mwanafunzi wa chuo, kwa maana ya shule ya Kurani, pale alipomaliza kusoma juzuu zote 30. Mtoto huyo alivishwa vizuri, akasoma mbele ya watu, mwalimu akapewa zawadi na wazazi, kisha chakula kikaliwa na majirani. Katika hali hiyo pia kilichosherehekewa kilikuwa ni kufika mwisho wa kitabu, na heshima iligawanywa kati ya mtoto, mwalimu na nyumba iliyomlea. Mtu anayetazama mahafali ya sasa pamoja na khanga, noti na vigelegele vyake bila kukumbuka chuo na unyago huona vurugu mahali ambapo kwa hakika pana mpangilio wa zamani sana.

Shule ya sekondari ilipokuja haikuwa na nafasi kwa mambo hayo. Shule chache zilizotoa elimu ya sekondari kwa Waafrika wa Tanganyika chini ya Waingereza, kama vile Shule ya Serikali ya Tabora na Chuo cha Mtakatifu Andrea cha Minaki, ambacho wamisionari wa Kianglikana walikihamisha kutoka Kiungani, Unguja, mwaka 1925, zilikuwa za bweni na zilijengwa kwa mfano wa shule za Uingereza, zikiwa na viranja, mabweni yanayoshindana na nidhamu ya kengele. Reli ya kati ilikuwa imefika Tabora mwaka 1912, na ndiyo iliyowaleta vijana kutoka pande za mbali za nchi. Lakini reli iliyomleta mwanafunzi haikumleta baba yake. Julius Nyerere alipoingia Tabora mwaka 1937 alikuwa ametoka Butiama, ng'ambo ya mashariki ya Ziwa Viktoria, na safari ya namna hiyo si jambo ambalo mfugaji au mkulima angelifanya kwa ajili ya hotuba ya mwalimu mkuu, tena katika lugha asiyoijua.

Mtihani wenyewe ulikuwa mbali zaidi. Wanafunzi waliofika darasa la kumi na mbili, ambalo baadaye liliitwa kidato cha nne, walifanya mtihani wa Cambridge. Maswali yalitoka Uingereza, majibu yakapelekwa huko kusahihishwa, na matokeo yakarudi baada ya miezi kadhaa, wakati ambapo vijana walikwisha kutawanyika. Mwingine alikuwa karani wa serikali, mwingine amekwenda Makerere, mwingine yuko nyumbani anasubiri barua. Shule iliyotaka kuwaaga watu wake wakiwa bado pamoja haikuwa na njia nyingine ila kuwaaga kabla ya matokeo. Hapa ndipo panapoonekana chanzo kimojawapo cha desturi inayodumu hadi leo: si wepesi wa kushangilia, bali ni umbali uliokuwapo kati ya Tabora na Cambridge.

Vitabu vya historia ya elimu huhesabu madarasa, walimu na watahiniwa, na kwa nadra huwataja ndugu waliolipa. Kilimanjaro na Bukoba, ambako kahawa ilileta fedha mapema na wakulima wakaungana katika vyama vya ushirika, kimojawapo kikiwa Chama cha Ushirika cha Wenyeji wa Kilimanjaro kilichoundwa mwaka 1933, ada ya shule ilitoka kwenye mibuni. Kwingineko ilitoka kwenye pamba, ng'ombe au mshahara wa kaka mkubwa aliyetangulia kuajiriwa. Kijana mmoja wa sekondari alikuwa mradi wa watu wengi, na aliporudi nyumbani likizo yake ya mwisho, akiwa na tranka lake, yaani sanduku la bati lenye kufuli ambalo kila mwanafunzi wa bweni alikuwa nalo, watu hao walimchinjia. Hayo yalikuwa mahafali ya familia, ingawa hakuna aliyeyaita hivyo na hakuna mwalimu aliyeyaona.

Uchache wa wahitimu wa wakati huo unapaswa kukumbukwa kila mara. Katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea la Machi 1967, Nyerere alieleza kwamba mwaka 1961 wanafunzi wote wa sekondari nchini walikuwa 11,832, na kati yao 176 tu ndio waliokuwa kidato cha sita. Mwaka wa andiko hilo walikuwa wamefika 25,000, na wa kidato cha sita 830. Aliongeza kuwa takriban watoto 13 tu kati ya kila 100 waliomaliza shule ya msingi wangepata nafasi ya sekondari. Kijana aliyefika kidato cha nne katika hesabu za namna hiyo alikuwa amekwisha kupita katika tundu la sindano, na kijiji kilichomchinjia mbuzi kabla ya kuona cheti chake hakikukosea hata kidogo.

Serikali ya uhuru ilifuta ada ya sekondari mwaka 1964, na kwa kufanya hivyo ilibadili pia nani alikuwa mwenye kijana. Mwanafunzi akawa wa taifa. Alipangiwa shule mbali na kwao kwa makusudi, mtoto wa Kagera akapelekwa Songea na wa Mtwara akapelekwa Musoma, ili kizazi kipya kisijue ukabila. Alisafiri kwa waranti, yaani hati ya serikali iliyomruhusu kupanda treni au basi bila kulipa nauli, na wazazi hawakupewa waranti. Mtihani nao ulirudi nyumbani kwa hatua: kuanzia 1968 uliendeshwa kwa ushirikiano na Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki, mwaka 1971 Tanzania ikajitoa, na mwaka 1973 sheria ikaunda Baraza la Mitihani la Tanzania. Hata hivyo sherehe ya kuaga ilibaki pale ilipokuwa, kabla ya mtihani, kwa sababu shule zilikuwa bado za bweni na siku ya karatasi ya mwisho ilikuwa siku ya kufunga tranka na kuwahi treni.

Katika miaka hiyo mahafali yalipata umbo ambalo kila Mtanzania analitambua. Mgeni rasmi, yaani kiongozi anayealikwa kuwa mkubwa wa shughuli, alikuwa mkuu wa wilaya, afisa wa chama au mkurugenzi wa shirika la umma. Wahitimu walimsomea risala, ambayo ni maelezo yaliyoandikwa yakianza kwa shukrani, yakapitia mafanikio ya shule na kuishia kwenye shida zake: maji, vitanda, vitabu, walimu wa sayansi. Ngonjera, yaani mashairi ya majibizano ambayo mshairi Mathias Mnyampala, aliyefariki mwaka 1969, aliyapa umbo la jukwaani ili yafundishe siasa na maadili, ziliingia shuleni kupitia kitabu chake cha Ngonjera za UKUTA, zikawa sehemu isiyokosekana ya programu pamoja na kwaya na maonyesho ya maabara. Risala inastahili kutazamwa kwa heshima zaidi ya inayopewa, kwa kuwa ilikuwa mojawapo ya nafasi chache ambapo kijana wa miaka 18 alisimama mbele ya mtawala na kumweleza, kwa lugha ya adabu na mbele ya mashahidi, nini hakijafanyika.

Familia haikuwamo katika programu hiyo. Taifa lilimpongeza kijana kisha likamchukua tena: Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, lilifanywa la lazima kwa wasomi mwaka 1966, jambo lililowatoa wanafunzi wa chuo kikuu kuandamana Oktoba ya mwaka huo na kufukuzwa kwa mamia, na Azimio la Musoma la 1974 likaongeza kwamba mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza kabla ya kwenda chuo kikuu. Mama aliyekuwa Rungwe au Ukerewe alipata habari za mwanawe kwa barua.

Mlango wa shule ulifunguka kwa familia pale mkono wa serikali ulipolegea. Uchumi ulipozorota baada ya vita vya Uganda, wazazi waliombwa tena kuchangia, na katikati ya miaka ya 1980 ada ilirejea katika sekondari za serikali. Wakati huohuo shule za watu binafsi, za madhehebu ya dini na za Jumuiya ya Wazazi, ambayo mizizi yake ni chama cha wazazi cha TAPA kilichoundwa miaka ya 1950, ziliongezeka kwa haraka. Aliyelipa alitaka kuona. Shangazi aliyetoa ada ya muhula wa pili na baba mdogo aliyenunua godoro hawakuwa tena watu wa kungoja barua, na shule ya binafsi, ambayo iliishi kwa ada hizo, ilikuwa na kila sababu ya kuwatandikia viti.

Mabadiliko makubwa kuliko yote, hata hivyo, yaliletwa na ukaribu. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, uliotekelezwa kuanzia 2004, ulijenga katika karibu kila kata shule ya kutwa ambayo wanavijiji wenyewe walichimbia misingi na kubebea mawe, na kwa muda wa miaka mitano hivi idadi ya sekondari nchini iliongezeka kwa zaidi ya mara mbili. Shule hizo za kata zimelaumiwa sana, na upungufu wa walimu na maabara katika miaka yake ya mwanzo ulikuwa wa kweli. Lakini kwa historia inayoelezwa hapa zilifanya jambo ambalo Tabora na Minaki hazikuweza kulifanya, yaani ziliiweka shule katika umbali ambao bibi anaweza kuutembea. Ada ilipofutwa tena mwaka 2016 hadi kidato cha nne, watahiniwa waliendelea kuongezeka, na katika miaka ya karibuni wamezidi nusu milioni kwa mwaka.

Hapo ndipo mazoea ya unyago, ya chuo na ya harusi yalipoingia uwanjani yote kwa pamoja. Familia huunda kamati, hufungua kundi la simu, huandika ahadi na kufuatilia michango kama inavyofanya kwa harusi. Siku yenyewe wazazi hukaa chini ya maturubai, na mshereheshaji, yaani mwongozaji wa shughuli, anapotaja jina la mhitimu, sehemu ya hadhira huinuka kwa mara moja: wanawake wenye vitenge vya sare hutangulia wakicheza, shangazi mbele kabisa, mikono imejaa mashada ya karatasi zinazometameta. Mhitimu, aliyevaa joho la kukodi juu ya sare ya shule, huvishwa shada juu ya shada hadi kidevu kinapotea, khanga ikatupwa begani, noti zikabandikwa kwa pini kifuani, kisha mpigapicha, ambaye amekuja na mashine yake ya kuchapia, huwapanga watu 12 mbele ya pazia lenye mandhari ya maporomoko ya maji. Programu rasmi ikiisha, kila ukoo hujitafutia mwembe wake. Hotipoti, yaani vyombo vya kutunzia chakula kikiwa moto, hufunguliwa. Pilau hutoka, kreti ya soda hugawanywa, na mhitimu hukata keki na kumlisha kwanza mama, au bibi kama ndiye aliyemlea, akifuata mpangilio ambao hakuna aliyeuandika lakini kila mmoja angegundua ukikosewa. Ni katika kulishwa huko ndipo ukoo unapotangaza, bila kusema, nani alibeba mzigo.

Kwa msichana, uzito wa siku hiyo ni mkubwa zaidi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa idhini ya wazazi, na kwa miongo mingi mwanafunzi aliyepata mimba aliondolewa shuleni moja kwa moja. Ni mwaka 2016 tu ndipo marekebisho ya Sheria ya Elimu yalipoweka kifungo cha hadi miaka 30 kwa anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi, na ni Novemba 2021 ndipo serikali iliporuhusu wasichana waliojifungua warudi katika shule za kawaida. Familia inayomvisha binti yake maua katika kidato cha nne inatangaza mbele ya majirani, na mara nyingine mbele ya posa zilizokataliwa, kwamba imemlinda hadi hapo. Tangazo hilo ni kamili hata kabla ya karatasi ya kwanza ya mtihani, na ndugu wenye kujua walichokipitia hawaoni sababu ya kuliahirisha.

Mpangilio huu ulijaribiwa vikali na mtihani wa kidato cha nne wa Oktoba 2012. Matokeo yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa wamepata daraja sifuri, yaani hawakustahili cheti hata cha daraja la nne, ambalo ndilo la chini kabisa. Serikali iliunda tume ya uchunguzi, na mwezi Mei ikatangaza kuyafuta matokeo hayo na kuyapanga upya. Watoto zaidi ya 200,000 waliohusika walikuwa wameimbiwa na kulishwa keki wiki chache kabla ya mtihani, na baadhi ya watu waliwacheka wazazi wao. Kicheko hicho hakikuwa cha haki. Wazazi walikuwa wamesherehekea jambo lililo mikononi mwao, yaani miaka minne ya kumvalisha mtoto, kumlisha na kumwamsha alfajiri, na jambo hilo lilikuwa limefanyika kweli. Lililoanguka lilikuwa upande ambao wao hawakukabidhiwa.

Kenya, jirani mwenye historia ya Cambridge ileile, ilichukua njia inayofanana kwa ndani. Baada ya mfumo wa 8-4-4 kuanza mwaka 1985 na kidato cha sita kufutwa, mtihani wa KCSE ulifanywa kwa mara ya kwanza mwaka 1989, na familia za wanafunzi wa kidato cha nne zimezoea kwenda shuleni kabla ya mtihani huo kwa siku ya maombi, ambapo wazazi hukaa na mtoto wao nyasini wakiwa na chakula kutoka nyumbani. Huko msisitizo uko kwenye dua na huku uko kwenye pongezi, lakini katika nchi zote mbili ukoo hufika kabla ya msimamizi wa mtihani.

Mwaka 2020 ulionyesha kwa njia nyingine jinsi tukio hili lilivyo la familia. Shule zilifungwa tarehe 17 Machi kwa sababu ya korona, katikati ya msimu wa mahafali ya kidato cha sita. Wanafunzi waliporudi Juni, mtihani ulikuwa umebakiza wiki chache na mikusanyiko ilikuwa bado ya kuogopwa. Mtihani ungeweza kusogezwa mbele kwa tangazo la wizara, na ulisogezwa hadi mwisho wa mwezi huo. Lakini shangazi waliokwisha kushona vitenge hawakuwa na wizara ya kuwasogezea siku yao.

Kwa wahitimu wa kidato cha sita taifa limerudi kudai sehemu yake, kwa kuwa mafunzo ya lazima ya Jeshi la Kujenga Taifa, yaliyositishwa mwaka 1994, yalirejeshwa mwaka 2013, na vijana wanaopangiwa kambi huripoti muda mfupi baada ya mtihani. Matokeo ya Baraza hutoka wakati ambapo wengi wao wako kambini, na mara nyingi ndugu ndio wanaoyasoma kwanza kwenye simu, wakitafuta namba ya mtahiniwa katika orodha ndefu ya shule yake. Daraja likiwa zuri, habari husambazwa katika kundi lilelile lililokusanya michango, na likiwa baya, baba mdogo hutafutwa kwa mashauri ya kurudia mtihani au kwenda chuo cha ufundi. Lakini kwa vyovyote vile hakuna anayeitisha sherehe ya pili.